Kuku wa Uani na Shauri la Jogoo

Katika nchi ya Bonde la Ufa, tangu Naivasha mpaka Molo, na tangu Subukia mpaka Rongai, ni nyumba chache zisizokuwa na kuku. Mwenye ekari ishirini anao, na mwenye kupanga vyumba viwili mjini anao pia, hata kama ni watatu tu ndani ya kizimba cha mbao nyuma ya jiko. Lakini ukimwuliza mfugaji sababu ya kuweka jogoo, mara nyingi atakutazama kwa mshangao, kana kwamba ameulizwa sababu ya kuweka mlango katika nyumba. Jogoo yupo kwa kuwa kuku wapo. Zamani jibu hilo lilitosha. Siku hizi halitoshi, hasa katika Nakuru, ambayo ilipewa cheo cha jiji tarehe 1 Desemba 2021, na ambamo mashamba ya jana yamekatwa kuwa viwanja vya futi 50 kwa 100, nyumba na nyumba zikisikilizana kikohozi.

Yafaa kwanza kuondoa kosa moja ambalo limeenea sana. Watu wengi, na miongoni mwao wamo waliosoma, hudhani ya kuwa kuku asiye na jogoo hatagi. Si kweli. Mtetea akifika umri wake, akila vizuri na kunywa maji safi, atataga, awepo jogoo au asiwepo. Yai moja huchukua muda wa saa 25 hivi kutengenezwa ndani ya mwili wake, na ndiyo sababu kuku atagaye asubuhi leo atachelewa kidogo kesho, na kesho kutwa atachelewa zaidi, hata ifike siku asiyotaga kabisa. Kazi ya jogoo ni kulitia yai mbegu ya kifaranga. Asipokuwapo jogoo, yai ni chakula. Akiwapo, yai ni chakula au kifaranga, kwa kadiri mwenye kuku atakavyo.

Kosa la pili ni ndugu wa lile la kwanza. Husemwa sokoni ya kuwa yai lisilo la jogoo halina nguvu, na ya kuwa mtoto au mgonjwa halimfai. Hakuna tofauti ya chakula baina ya mayai hayo mawili. Kiini chekundu ambacho wanunuzi hukipenda hakitoki kwa jogoo bali hutoka katika majani. Mpe mtetea sukuma wiki, majani mabichi na mahindi ya njano, na kiini kitapata rangi. Tena kwa mwuzaji wa mayai, yai lisilo na mbegu lina faida yake. Likikaa dukani katika joto la mchana haliwezi kuanza kuumba kifaranga ndani, lakini lile lenye mbegu laweza kuanza, kisha likafa na kuharibika. Mama auzaye mayai bila kuwa na jogoo hapatikani na aibu ya mteja kuvunja yai juu ya kikaango na kukuta nyuzi za damu za kifaranga kilichoanza kuumbwa.

Watu wa Nakuru wana bahati nyingine ambayo hawaitambui. Ulaya kuku hupunguza kutaga au huacha kabisa wakati wa baridi, kwa kuwa mchana huwa mfupi na mwanga ndio unaouamsha mwili wa kuku utage. Wafugaji wa huko hulazimika kuwasha taa bandani. Hapa mstari wa Ikweta huikata barabara ya kwenda Baringo karibu na Mogotio, si mbali, na mchana ni wa saa 12 hivi mwaka mzima. Kuku wa Nakuru akiacha kutaga, mwenyewe asilaumu majira. Atafute utitiri, njaa, kiu, uzee, au kunyonyoka manyoya kunakomjia kila kuku kwa wakati wake.

Basi ikiwa mayai hupatikana bila yeye, jogoo ana kazi gani? Anazo, wala si haki kuzidharau. Kuku wote wa dunia wametokana na kuku mwekundu wa mwitu wa Asia ya Kusini-Mashariki, ambaye mpaka leo huishi msituni kwa makundi, jogoo akiwa mlinzi. Desturi hiyo haikumtoka aliyefugwa. Mwewe akipita angani jogoo hutoa mlio wake, na akiona mbwa au nguchiro hutoa mlio mwingine tofauti, na mitetea na vifaranga huelewa wakimbilie chini ya kichaka au wasimame na kutazama. Akipata mdudu au punje nzuri, mara nyingi huwaita wenzake kwanza. Mitetea wakigombana, huingia kati yao. Kwa mtu wa Bahati au Mau Narok ambaye kuku wake hushinda nje wakichakura shambani, jogoo hodari ataokoa vifaranga wengi kwa mwaka.

Na kuna kuwika. Wazee walihesabu usiku kwa jogoo la kwanza na jogoo la pili, na mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nagoya katika Japani walionyesha ya kuwa wazee hao hawakukosea. Waliwaweka majogoo katika mwanga hafifu usiobadilika, pasipo alfajiri wala machweo, nao waliendelea kuwika kwa saa zao. Jogoo ana saa ndani ya mwili wake. Baadaye wataalamu hao walitambua ya kuwa katika kundi jogoo mkubwa wa cheo huwika wa kwanza, na wadogo humfuata kwa zamu. Katika mambo ya itifaki kuku hawahitaji kufundishwa na mtu.

Lakini jogoo ana gharama. Kuku mkubwa hula kiasi cha gramu 120 za chakula kwa siku, na jogoo mzito hapungui hapo. Kwa mwaka ni kilo 40 na zaidi, yaani zaidi ya nusu ya gunia la kilo 70, kwa kiumbe asiyetaga hata yai moja. Anayetembea shambani hujitafutia sehemu kubwa mwenyewe. Aliyefungiwa uani hula kutoka mfukoni mwa bwana wake. Jogoo mmoja hutosha mitetea kumi. Ukimpa mitetea watatu tu, atawapanda mno, na kucha zake zitawatoa manyoya mgongoni mpaka ngozi ionekane. Ukiweka majogoo wawili pahali padogo, watapigana, na kipi cha mguuni si pambo. Kimekwisha kutoboa macho ya wenzake na miguu ya watoto wengi.

Chukua mfano wa nyumba moja ya Kiamunyi, upande wa magharibi wa mji. Mwenye nyumba ni karani wa reli aliyestaafu, na mkewe ndiye mwenye kuku. Mama huyo ana mitetea wanane. Mayai yao huyauza kwa majirani, na fedha hizo ndizo nauli na chakula cha mchana cha mjukuu wao, msichana asomaye sekondari ya kutwa. Siku moja mzee alirudi kutoka Bahati kwa dada yake akiwa na kikapu mapajani ndani ya matatu, na ndani ya kikapu jogoo mwekundu mwenye undu mnene na mkia kama mundu. Mama hakusema neno. Alimtilia chakula kopo moja, kama wengine.

Ng'ambo ya ua wa mabati hukaa mwuguzi wa zamu ya usiku. Yeye hufika nyumbani saa mbili asubuhi, hufunga mapazia na kulala. Jogoo yule aliwika saa kumi za alfajiri, wakati mwuguzi yuko kazini, na hilo halikumdhuru. Lakini jogoo hawiki alfajiri tu. Aliwika saa tatu, saa nne na nusu, saa sita; aliwika mtetea alipotaga, aliwika gari lilipopita, na jogoo wa nyumba ya tatu alipomjibu ndipo palipokuwa na mashindano. Majuma matano yalipita. Kisha mwuguzi akapiga hodi jioni moja kabla ya kwenda kazini, amekwisha vaa sare.

"Mama," alisema baada ya salamu, "kuku wenu hawanidhuru, na mayai nanunua kwenu. Lakini mwezi huu mzima nimelala mchana siku tatu tu. Nami nikikosea dawa ya mgonjwa usiku, hakuna atakayekwenda kumwuliza jogoo."

Mzee ndiye aliyejibu. "Mwanangu, jogoo hajui zamu."

"Najua hajui, Mzee. Ndiyo maana nimekuja kwenu ninyi mnaojua."

Hapakuwa na ugomvi. Mwuguzi aliaga akaenda zake, na hilo lilikuwa zito kuliko ugomvi, maana mtu anayekuja kwa adabu hawezi kukataliwa kwa hasira. Mama aliinua kopo la chakula akaliweka juu ya meza mbele ya mumewe. Alihesabu: makopo tisa kila siku, mayai matano au sita, na kopo la tisa halijarudisha kitu. Mwezi ule deni la chakula dukani lilikuwa limekula nauli ya siku nne.

Mzee hakuwa mjinga wa hesabu. Alifanya hesabu za reli kwa miaka mingi. Lakini alikuwa na hesabu nyingine. Baba yake alikuwa skwota katika shamba la mlowezi upande wa Njoro. Katika mashamba yale ng'ombe na mbuzi wa maskwota walipunguzwa kwa amri. Lile pigo la miaka ya 1920 wenyewe waliliita kifagio, na sheria ya mwaka 1937 ikawapa walowezi, katika mabaraza yao ya wilaya, uwezo wa kuweka kipimo cha mifugo ya watu hao. Ng'ombe wa baba yake walikwenda. Walibaki kuku, mali ndogo isiyohitaji malisho ya mwenye shamba, na jogoo wao ndiye aliyemwamsha mtoto huyu gizani ili atembee kwenda shule. Ukarani wake ulianza kwa jogoo. Watu wa siasa wasidhani ya kuwa alikuwa akikumbuka chama cha KANU, ambacho alama yake ya jogoo ilitawala Kenya tangu mwaka 1963 mpaka kiliposhindwa katika uchaguzi wa mwaka 2002. Jogoo wake alikuwa wa kabla ya siasa hiyo.

Haifai kumcheka mzee huyo. Mambo ya namna hii yamefika mahakamani hata Ulaya. Katika kisiwa cha Oléron, Ufaransa, jogoo mmoja aitwaye Maurice alishtakiwa na majirani waliokuwa na nyumba ya mapumziko hapo, na mwezi wa Septemba 2019 mahakama ya Rochefort ikaamua ya kuwa ana haki ya kuendelea kuwika. Mwezi wa Januari 2021 Wafaransa wakatunga sheria ya kulinda sauti na harufu za mashambani. Lakini tazama vizuri: huko aliyekuja ni mgeni wa mapumziko, na jogoo alikuwa mwenyeji wa shamba. Katika Kiamunyi mwuguzi alitangulia na jogoo ndiye aliyefika katika kikapu. Kenya nayo ina kanuni za kuzuia kelele zilizotolewa mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira, na kanuni hizo zinakataza sauti kubwa isiyo ya lazima inayosumbua wengine. Afadhali majirani wasifike huko. Jogoo mmoja hastahili wakili.

Jambo lililoamua shauri lile lilikuwa mtetea mmoja aliyeanza kulalia. Alikaa kiotani usiku na mchana, amejitutumua manyoya, akimdonoa kila aliyepeleka mkono. Mzee alisema, "Sasa unaona faida ya jogoo." Mama alijibu ya kuwa vifaranga anavitaka, lakini si lazima baba yao akae uani. Na hapo alisema kweli ambayo wafugaji wengi wa mjini hawaitumii. Kuku anayelalia hajui wala hajali yai ni la nani. Ukinunua mayai yenye mbegu kwa mtu mwenye jogoo, yasiyozidi juma moja tangu kutagwa, na kumwekea usiku kwa utulivu, atayaatamia siku 21 na kuyatotoa kama yake. Mama aliagiza mayai kumi kwa wifi yake wa Bahati. Siku ileile mzee alimkamata jogoo usiku, akiwa kitako juu ya kijiti chake, akamtia katika kikapu, na asubuhi akamrudisha mwenyewe. Mkewe asema ya kuwa mpaka leo huamka saa kumi bila kuamshwa, hukaa kitandani na kusikiliza.

Wengine hufuata njia ya kuazima jogoo. Njia hiyo yawezekana, maana mtetea akiisha kupandwa huendelea kutaga mayai yenye mbegu kwa muda wa siku kumi hata wiki mbili. Jogoo akikaa juma moja, mayai ya juma linalofuata yatafaa kuwekwa. Hatari yake ni ugonjwa. Kideri kilitambuliwa mwaka 1926 katika Java na katika mji wa Newcastle wa Uingereza, na kufikia mwaka 1935 kilikwisha onekana katika nchi ya Kenya. Tangu hapo hakuna adui mkubwa kuliko yeye kwa kuku wa kienyeji. Huingia kijijini, na baada ya siku chache banda ni tupu. Hakina dawa, kina chanjo, nayo hutengenezwa hapa Kenya katika kiwanda cha serikali cha chanjo za mifugo. Chanjo ya matone machoni ni rahisi kutia, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Jogoo wa kuazima, au wa kununuliwa sokoni, atengwe siku 14 na zaidi pahali pake, apewe maji yake, wala asiguswe na mtu anayekwenda moja kwa moja kwa kuku wengine. Atiwe chanjo kabla hajasafiri, si baada.

Kwa mwenye shamba, ambaye anataka vifaranga kila mwaka na ana nafasi, shauri ni jingine: jogoo afugwe, lakini achaguliwe. Hapo ndipo watu hulegea sana. Jogoo mmoja ni baba wa kundi zima la mwaka ujao, na mtu ambaye hawezi kununua mtetea mbovu humwacha jogoo yeyote aliyebaki baada ya sikukuu awe baba, yaani yule aliyekuwa mdogo mno kuchinjwa. Huo ni uchaguzi wa kinyume. Jogoo mzuri ni mwenye kifua kipana, miguu iliyonyoka, macho maangavu, aliyetoka kwa mama mtagaji. Abadilishwe kila mwaka mmoja au miwili, asije akawapanda binti zake; damu ikirudiana mayai mengi huwa viza na vifaranga huzaliwa dhaifu.

Serikali ya Kenya ilipata kuishika njia hii ya jogoo. Mwaka 1976, kwa msaada wa Uholanzi, ulianzishwa mpango wa kuendeleza kuku, na ndani yake ulikuwamo utaratibu wa wakulima kubadilishana: mkulima atoe majogoo yake ya kienyeji, apewe ya mbegu bora, kama vile Rhode Island Red wa Marekani. Wazo lilikuwa jema, maana kubadili jogoo mmoja ni rahisi kuliko kubadili mitetea kumi. Kizazi kilichopatikana kilikuwa kizito na kilitaga zaidi. Lakini damu hiyo ya kigeni hupunguza tamaa ya kulalia, tena mwili mkubwa hutaka chakula kikubwa. Mama aliyezoea kuona mtetea wake akitotoa na kulea mwenyewe hujikuta ana mayai mengi na hana wa kuyaatamia. Hali ni hiyohiyo kwa kuku wa kienyeji walioboreshwa katika kituo cha utafiti cha Naivasha: hutaga vizuri sana, na wengi wao hawalalii. Mwenye akili hubakiza mitetea wawili watatu wa kienyeji halisi wawe walezi, na kuwatilia mayai ya wenzao.

Neno moja juu ya utitiri, kwa kuwa kuku anayelalia huteswa nao kuliko wote, hata akakimbia mayai. Nakuru ilikuwa makao ya Bodi ya Pareto ya Kenya, na katika Molo na Mau Narok maua hayo yamelimwa kwa miaka mingi. Unga wa pareto ukipakwa chini ya mbawa na kunyunyizwa katika kiota huua wadudu hao bila kumdhuru kuku. Ni ajabu kuona mkulima wa pareto ambaye kuku wake wanajikuna mchana kutwa.

Katika mayai kumi ya Bahati, moja lilikuwa viza. Vifaranga tisa walitoka. Baridi ya mwezi wa Julai iliwakuta, lakini mama alimhamisha mlezi wao jikoni usiku, na hakufa hata mmoja. Walipoota undu ilijulikana ya kuwa tembe ni wanne na pora ni watano, na hivyo ndivyo ilivyo kwa kawaida, nusu kwa nusu au karibu yake. Pora kwa kawaida hujaribu kuwika akiwa na miezi minne au mitano, kwanza kwa sauti ya mlango mbovu. Mama amewahesabia siku: watauzwa mwezi wa Desemba, wakati bei ya kuku hupanda katika soko la Nakuru, wanne kwa fedha na mmoja wa kuchinjwa nyumbani. Mzee ameomba wa tano, mwekundu, apelekwe Bahati badala ya kuchinjwa. Shauri hilo bado halijakatwa, na mwuguzi ameambiwa ya kuwa kabla ya Krismasi asikie asikie kidogo, asikasirike.